Ndizi mpya inaomba shamba la kudumu

Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama na wafadhili kwenye mkutano mkuu wa chama



Kamati imetuomba sisi wa timu ya mashambani tueleze kitu kimoja: kama chama chetu kinaweza kuzaa aina mpya ya ndizi, kwa mikono yetu wenyewe, kutoka kwa ndizi za mwituni. Mnajua swali hili lilianzia wapi. Watoto wa kwetu walioko Marekani na Kanada walichanga pesa, na pamoja na pesa wakatutumia bahasha ya punje nyeusi, ngumu kama changarawe. Juu ya bahasha kumeandikwa Musa acuminata na Musa balbisiana. Waliandika kwamba huko kuko watu wa kawaida, si maprofesa, wanaopanda ndizi za mwitu nyuma ya nyumba, hata ndani ya nyumba za vioo juu ya baridi, wanazichanganya na kuona kinachotoka. Wakauliza: ninyi wenye udongo na mvua mnashindwa nini?

Ni swali zuri. Jibu la kifupi ni kwamba inawezekana. Jibu la kirefu ndilo limetusimamisha hapa, na ndani yake mambo ya shamba na karatasi ni mengi kuliko mambo ya maua.

Tuanze na kwa nini watu wana haraka. Wengi wetu tulirudi kutoka kambi za Tanzania, Nyarugusu, Lugufu na zingine, tukavuka ziwa toka Kigoma. Mtu akishuka Baraka, akifika kijijini, anatafuta nyumba ya baba na anatafuta migomba ya baba. Nyumba mara nyingi haiko. Migomba inabaki, juu mgomba hauhitaji mtu kila siku. Lakini siku hizi mtu anakuta majani yamekuwa ya manjano na kulala, mkungu unaiva kabla ya saa, na akipasua ndizi ndani ni kahawia. Akikata shina, maji ya manjano yanatoka kama usaha. Ule ni mnyauko wa bakteria, ule maagronomu wanaita BXW. Hapa Kongo ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 2001, Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukashuka. Dawa ya kupuliza hakuna. Sasa mtu akisikia kwamba Musa balbisiana, moja ya zile punje za bahasha, ndiyo ndizi inayojulikana kuukataa ugonjwa huu, hawezi kukaa kimya. Hata sisi hatukukaa kimya.

Lakini tuelewane kwanza ndizi ya mwitu ni kitu gani, juu kwenye vikundi tumesikia watu wakisema: tunayo, iko kule mlimani. Ule mgomba wa mlimani wenye shina nene chini, majani yamesimama wima, na punje kubwa nyeusi ambazo watoto wanachezea, si ndizi. Unaitwa ensete. Ni ndugu wa ukoo, lakini nyumba mbalimbali. Ukipaka chavua yake kwenye ndizi hakuna kinachozaliwa. Alama rahisi ya kuutambua: hautoi watoto pembeni kama mgomba wetu. Na tena haukatai mnyauko. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza juu ya ensete, kule Ethiopia, mwaka 1968. Basi tusipande mlimani kutafuta baba wa ndizi yetu. Ndizi za mwitu za kweli asili yake ni Asia, toka India mpaka visiwa vya Papua, na wazee wa kule ndio walioanza kuchagua zile zenye nyama nyingi na punje chache. Kazi hiyo ilichukua maelfu ya miaka. Hawakuwa na labo.

Kwa nini ndizi tunayokula haina punje? Fikirini urithi wa mmea kama seti za vitu. Ndizi ya mwitu ina seti mbili, moja ya baba na moja ya mama, kila seti kromozomu 11. Wakati wa kutengeneza chavua inagawanya sawasawa, moja huku, moja kule. Ndizi zetu nyingi, ya kupika, ya pombe, makemba, zina seti tatu. Tatu haigawanyiki kwa mbili. Mgomba unajaribu kugawanya, unashindwa, punje haitokei, na tunda linajaa nyama bila kungoja punje. Ndio kusema kile kinachotufurahisha mdomoni ndicho kinachofunga njia ya uzazi. Na juu hiyo migomba yote ya aina moja ni watoto wa shina moja, ugonjwa ukipata mlango wa mmoja umepata mlango wa wote.

Sasa, mlango haujafungwa kabisa. Kuko aina za seti tatu ambazo, zikipakwa chavua nzuri, zinatoa punje moja moja. Ile ndizi ya pombe inayoitwa Pisang Awak mnaijua: mara nyingine unatafuna, jino linakutana na jiwe. Lile jiwe ni punje. Mgomba ulipata chavua kutoka kwa jirani mwenye uzazi. Wamama wanaotengeneza pombe wanazitema na kulalamika. Mfugaji wa ndizi angeziokota moja moja kama dhahabu.

Kazi yenyewe ya mikono iko namna hii. Mkungu unapotoka, maua ya kwanza ni ya kike, yale yatakayokuwa machana. Ya kiume yanakuja nyuma, ndani ya lile ua la rangi ya damu linaloning'inia chini. Kabla maua ya kike hayajafunguka unafunika mkungu kwa mfuko wa kitambaa chepesi, ili nyuki na popo wasilete chavua ya kwao. Gamba la ua linanyanyuka usiku au alfajiri. Asubuhi mapema unachukua maua ya kiume ya baba yaliyofunguka siku hiyo hiyo, unapanda ngazi, unapaka chavua juu ya maua ya kike ya chana lililofunguka, unafunika tena. Kesho chana la pili. Kesho kutwa la tatu. Unaandika kwenye kibao: mama nani, baba nani, tarehe gani. Miezi mitatu au minne baadaye unavuna, unaacha mkungu uive mpaka uwe laini, unakamua ndizi moja moja kwa vidole ndani ya maji. Kwenye mama wa mwitu utajaza kikombe. Kwenye mama wa seti tatu unaweza kukamua mkungu mzima na usipate kitu, au upate punje mbili, na moja ikawa tupu.

Hii kazi mtu aliyemaliza darasa la sita anaifanya bila shida. Shuleni walitufundisha mambo mengi kuhusu ndizi, lakini kupanda ngazi saa kumi na mbili asubuhi siku kumi mfululizo ni jambo la moyo, si la diploma.

Ugumu unaanza baada ya punje. Punje ya ndizi ni mvivu wa kuota. Za mwitu zinasaidiwa na joto linalopanda mchana na kushuka usiku, na udongo usiokauka. Zile za mchanganyiko mara nyingi haziotwi kabisa kwenye udongo, kwa hiyo vituo vya utafiti vinapasua punje, vinatoa kiini na kukilea ndani ya chupa. Sisi hatuna chupa hizo. Tukifanya wenyewe, tutafanya na aina zinazozaa kwa urahisi, zile za seti mbili, na tukubali kwamba mchanganyiko mgumu tutauomba kwa wenye vifaa.

Waliofanya jambo hili mpaka mwisho hawako mbali nasi. Uganda, kituo cha Kawanda cha shirika la utafiti la NARO pamoja na IITA, walianza katikati ya miaka ya 1990. Walichukua ndizi za kupika za nyanda za juu, zile chache zenye kukubali kuzaa, wakazipaka chavua ya ndizi ya mwitu inayoitwa Calcutta 4, katunda kadogo kaliojaa punje, hakaliki. Lakini kanakataa ugonjwa wa majani meusi. Watoto wakatoka na seti nne. Hao wakawapaka tena chavua ya seti mbili iliyochaguliwa, ili wajukuu warudi kwenye seti tatu, wasiwe na punje. Wajukuu waliochaguliwa, aina 27, wakaitwa NARITA, jina la NARO na IITA limeshonwa pamoja. Mmoja wao, M9, serikali ya Uganda iliutoa kwa wakulima mwaka 2010 kwa jina la Kiwangaazi. Tanzania, nchi iliyotulea, nayo ikapima hao wajukuu, ikatoa wanne mwaka 2021 kwa majina ya TARIBAN 1 mpaka 4.

Hesabuni miaka: toka katikati ya 1990 mpaka 2010, na mpaka 2021. Hao walikuwa na labo, mishahara, magari na mashamba ya serikali yasiyodaiwa na mtu.

Hapo wengine mtasema, basi tuachane nayo. Hatusemi hivyo. Kuko mfano wa kwetu. Yangambi, kwenye mto Kongo, wakati wa Wabelgiji kulikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo. Huko wakachukua aina moja ya ndizi tamu, tunda fupi, ganda jembamba, wakaiita kwa jina la mahali ilipokuwa, kilometa ya tano: Yangambi Km5. Hakuna aliyeichanganya. Iliangaliwa tu, ikaonekana inasimama pale nyingine zinaanguka, mbele ya minyoo ya mizizi na ugonjwa wa majani meusi. Ikapelekwa kuhifadhiwa Ubelgiji, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikawa kati ya aina zilizotumwa kutoka Leuven kwenda Kagera kuwasaidia wakulima wa Tanzania, pamoja na FHIA-17 na FHIA-23 zilizozaliwa Honduras. Ndizi ya Kongo ilikwenda Tanzania kwa kupitia Ulaya. Sisi angalau tulipita ziwani. Tunasema hili juu tunaamini nusu ya kazi ya kuzaa aina mpya ni macho: kuona mgomba mmoja unaofanya tofauti, kuuwekea kamba, kuufuata miaka mitatu. Hiyo nusu mnayo tayari.

Sasa turudi kwa bahasha, na kwa mambo mawili ambayo hayakuandikwa juu yake.

La kwanza, damu ya balbisiana peke haitoshi. Pisang Awak ina seti mbili za balbisiana kati ya tatu, na bado ni kati ya zinazoshikwa na mnyauko haraka sana. Tena ndani ya urithi wa balbisiana kuko virusi vya mistari ya majani vinavyolala. Kwenye watoto wa mchanganyiko vinaweza kuamka. Kwa hiyo mtu asifikiri tutapaka chavua na kesho ugonjwa umekwisha. Kila mtoto ni wa kupimwa, na wengi watatupwa.

La pili linatuumiza kichwa zaidi. Miaka yote hii tumewafundisha kukata ua la kiume, lile la rangi ya damu, mara tu chana la mwisho linapotokea, na kulikata kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, juu wadudu wanapita pale kuingiza mnyauko. Sasa baba wa uzazi ni lazima awe na lile ua! Shamba la kuzaa aina mpya ni shamba lenye milango wazi katikati ya kijiji kilichofunga milango. Likiwekwa vibaya, linamuua jirani. Kwa hiyo kila ua la baba ni lazima livae mfuko toka siku ya kwanza, panga lipite kwenye moto au kwenye javeli kila baada ya shina, na shamba liwe mbali na migomba ya watu. Mgomba ukishikwa, tunakata shina lile moja usawa wa udongo na kuendelea kukagua, kama tunavyofanya kwenye mashamba yenu.

Na zile punje ziko bado ndani ya chupa ofisini, hazijapandwa. Zilifika bila karatasi. Tumeandikia SQAV, huduma ya karantini ya mimea na wanyama, tunangoja jibu. Watoto wetu wasikasirike: zawadi ni nzuri, lakini mmea unaovuka mpaka unaomba kibali kama mtu.

Tufike sasa kwenye shamba. Tuhesabu pamoja. Punje ya baba wa mwitu inaota kwa miezi miwili, mitatu, au zaidi. Mgomba wake unatoa ua baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Ukipaka chavua, miezi minne mpaka kuvuna. Karibu miaka miwili imekwisha, na mkononi una punje tu. Watoto wake wanahitaji mwaka na nusu au miwili mpaka mkungu wa kwanza. Mkungu wa kwanza hauaminiki, unangoja wa pili, ukiweza na wa tatu. Tuko mwaka wa tano au wa sita, na huo ni mzunguko mmoja tu. Kama ni mizunguko miwili kama ya Kawanda, tunapita mwaka wa kumi. Nafasi si tatizo kubwa: watoto 200 kwa mita 3 kwa 3 wanachukua mita za mraba 1,800, haifiki hata robo ya hektari. Tatizo ni nani anayetupa hiyo robo kwa miaka kumi.

Wengi wa wanachama wanalima shamba la mtu. Mnakodi msimu kwa msimu, mnalipa kwa franka au kwa sehemu ya mavuno. Na sharti la kwanza la mwenye shamba mnalijua: mihogo sawa, maharagwe sawa, migomba hapana. Si roho mbaya. Kwetu kupanda mgomba ni kusema shamba ni langu. Wenzetu wa Bushi wana majina ya mambo haya: kalinzi, ardhi ya kurithisha, inayoruhusu migomba, na bwasa, ya kukodi kwa muda mfupi, isiyoruhusu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa Leta, lakini shefu wa kijiji na majirani ndio wanaojua nani analala juu yake, na mtu aliyerudi baada ya miaka 15 mara nyingi anakuta majirani wana kumbukumbu nyingine. Mwaka juzi kikundi kimoja chetu kilinyang'anywa parseli wakati mihogo iko nusu. Kwa mihogo walipoteza msimu. Kwa ndizi ya uzazi wangepoteza kila kitu toka mwanzo, juu huwezi kung'oa mtoto wa pekee duniani na kumhamisha na vibao vyake katikati ya ugomvi.

Mama mmoja alituambia kwenye kikundi: «Ile ndizi yenu tutaingoya miaka kumi, na watoto watakula nini?» Ndiyo maana hatutaki pesa zote za ndugu zetu ziende kwenye punje. Sehemu kubwa, kwa maoni yetu, iende kwenye masanduku ya kuoteshea: kiini cha mgomba safi kinachonwa, kinawekwa ndani ya unga wa mbao chini ya sashi ya plastiki, na kinatoa miche mingi kwa miezi michache. Hiyo inaleta chakula ndani ya mwaka na nusu. Wengine ndani ya timu walitaka kusimama hapo. Tulibishana. Tukakubaliana kwamba kuacha uzazi kabisa ni kungoja siku zote mzigo wa mtu mwingine ushuke bandarini.

Kwa wafadhili tuna neno la wazi. Miradi mnayotuandikia ni ya miezi 12, au 18 mkiwa wakarimu. Ndani ya miezi 18 ndizi ya mwitu bado haijatoa ua. Tukiandika kwenye ripoti «aina mpya imepatikana» tutakuwa tumewadanganya. Hatuombi pesa nyingi zaidi. Tunaomba zile zile zigawanywe: kidogo kila mwaka kwa miaka minane, na za mwaka wa kwanza zitumike kununua amani ya shamba: kupima mipaka, kuwaita majirani na shefu, kuandika mkataba wenye mashahidi, kulipa ofisi ya ardhi. Tunajua kwamba karatasi haipigwi picha nzuri kama jembe jipya.

Kwa wanachama, tunatafuta parseli moja yenye historia safi, isiyo na kesi, mbali na migomba ya watu, yenye maji karibu. Mwenye nayo asiitoe zawadi. Chama kitalipa kodi kila mwaka, na mkataba utasema migomba ni ya chama lakini ardhi inabaki yake. Tunatafuta tena watu watatu wa kupanda ngazi asubuhi, na mmoja mwenye mwandiko mzuri wa vibao. Na kila mwenye mgomba uliosimama mahali pengine pote palipokufa, auwekee kamba, asiukate, atuite. Tutapeleka ombi kituo cha INERA Mulungu, karibu na Bukavu, kuuliza kama wanaweza kutupa chavua au miche ya seti mbili, ili tusitegemee ile chupa peke yake.

Kamati itapokea majina ya parseli mpaka mkutano wa mwezi ujao. Mashahidi wa mipaka waje wenyewe, si barua.